Konokono wa Afrika Mashariki aliyegeuka kero ya dunia

MVUA za masika zinapoanza kunyesha Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, wakazi wenye bustani huamka na kumkuta mgeni ambaye kwa hakika si mgeni. Ni konokono mwenye gamba la hudhurungi lenye mistari, mrefu kama kidole au zaidi, aliyejibandika ukutani au chini ya jani la mgomba, nyuma yake kukiwa na njia ya ute unaong'aa juu ya saruji. Miche ya mchicha iliyokuwa imechipua vizuri imebaki vijiti. Watoto humwogopa au humchezea, watu wazima humrushia chumvi, na mambo huishia hapo.

Kwingineko mambo hayaishii hapo. Katika jimbo la Florida, Marekani, konokono huyo huyo akithibitishwa kuwapo katika ua wa nyumba moja, maofisa wa idara ya kilimo hufika na mbwa waliofunzwa kumnusa, mtaa mzima huwekwa chini ya karantini, na wakazi hukatazwa kuhamisha udongo, mimea au takataka za bustani bila kibali. Kumfuga bila ruhusa ni kosa la jinai. Mwaka 2000, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Mazingira (IUCN) walimwingiza katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani.

Jina lake la kisayansi ni Lissachatina fulica, ingawa vitabu vingi bado vinamwita Achatina fulica. Asili yake ni pwani ya Afrika Mashariki, hususan Kenya na Tanzania. Kiumbe ambaye nyumbani kwake ni kero ya msimu mmoja tu ndiye aliyezifanya serikali za nchi tajiri kutumia mamilioni ya dola kumwinda, na sababu ya tofauti hiyo haipo katika mwili wake pekee. Ipo pia katika vile alivyoviacha nyuma alipochukuliwa kwenda ng'ambo, na katika wingi wa watu waliombeba bila kujua walichokuwa wamekibeba.

Kumtambua si kazi ngumu, ila inataka utulivu. Gamba lake ni refu kuliko upana wake, limechongoka juu kama pia iliyogeuzwa, na kwa konokono aliyekomaa huwa na mizunguko saba hadi tisa. Wengi hufikia urefu wa kati ya sentimita 5 na 10, lakini waliolishwa vizuri wameweza kufikia sentimita 20. Rangi humbabaisha mtu, kwani hubadilika kulingana na chakula na mahali: wapo wenye gamba la kahawia iliyokolea, wapo wa manjano hafifu, na wapo ambao mistari yao imefifia kiasi cha kutoonekana. Kwa sababu hiyo anayemtambua kwa rangi peke yake hukosea mara kwa mara.

Alama ya kuaminika zaidi iko mdomoni mwa gamba. Ukilishika gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, utaona mhimili wa katikati ambao mizunguko yote imejikunja kuuzunguka. Kwa Lissachatina fulica mhimili huo ni mweupe au mweupe wenye dalili ya samawati, na mwisho wake wa chini umekatika ghafla kana kwamba umekatwa kwa kisu. Mdomo wenyewe hauna kifuniko kigumu. Jamaa zake wakubwa wa Afrika Magharibi, ambao huliwa sana Ghana na Nigeria, hufanana naye kwa mbali, lakini yule aitwaye Archachatina marginata ana ncha butu iliyovimba ilhali huyu wa kwetu ana ncha kali. Zanzibar kuna ndugu yake mwingine, Lissachatina reticulata, ambaye gamba lake lina mikwaruzo iliyopishana kama wavu.

Yuko pia koa, jina ambalo wengi huliweka kwa konokono asiye na gamba. Huyu naye hutafuna miche usiku na kujificha mchana, na katika bustani nyingi ndiye mharibifu anayesahaulika, kwa kuwa lawama zote humwendea yule mwenye gamba anayeonekana kwa urahisi. Koa si mdudu wala si mnyoo. Ni konokono ambaye katika vizazi vingi vya mababu zake gamba lilipungua hadi likabaki kipande kidogo ndani ya ngozi, au likatoweka kabisa. Kutokuwa na gamba humwezesha kujipenyeza katika nyufa ndogo, lakini pia humnyima kinga dhidi ya jua. Kwa hiyo koa amefungwa kwenye unyevunyevu kuliko ndugu yake.

Lissachatina fulica, kwa upande wake, anaweza kuusubiri ukame. Kiangazi kinapoingia hujichimbia ardhini au hujibandika mahali penye kivuli, huuziba mdomo wa gamba kwa utando wa ute na chokaa, kisha hulala kwa miezi kadhaa bila kula wala kunywa. Uwezo huo, unaomfaa katika pwani yenye majira mawili ya mvua na kiangazi kirefu kati yake, ndio uliomfanya asafiri vizuri melini. Konokono aliyelala ndani ya shehena haonekani tofauti na jiwe.

Halafu kuna suala la uzazi. Kiumbe huyu ni huntha, yaani kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Kwa kawaida huhitaji mwenzake ili kujamiiana, lakini mbegu alizopokea anaweza kuzihifadhi mwilini na kuzitumia muda mrefu baadaye, hivyo mmoja tu aliyekwisha kujamiiana anatosha kuanzisha ukoo mpya mahali ambapo hapakuwa na konokono wa aina yake. Hutaga mayai ya rangi ya maziwa, yenye ukubwa wa punje ndogo ya kunde, chini kidogo ya uso wa udongo. Mtago mmoja unaweza kuwa na mayai 100 hadi 400, na katika mwaka mmoja konokono mmoja anaweza kutaga zaidi ya 1,000. Vifaranga hutoka baada ya wiki moja au mbili, na katika miezi ipatayo sita huwa tayari kuzaa.

Anakula nini? Ni rahisi zaidi kuuliza asichokila. Mimea zaidi ya 500 imeorodheshwa kuwa chakula chake, ikiwamo mipapai, migomba, matango, kunde, kabichi na maua ya aina nyingi, pamoja na majani yaliyooza, magome, na hata konokono wenziwe waliokufa. Zaidi ya hayo anahitaji madini ya kalsiamu ya kujengea gamba. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako ardhi ya matumbawe na chokaa ni nyingi, hitaji hilo halimpi taabu. Mahali ambapo udongo hauna chokaa ya kutosha, huigeukia lipu ya nyumba. Wakazi wa Miami wameshuhudia kuta zikikwanguliwa na konokono waliopanda kutafuta madini.

Safari yake ya kwenda kwingine ilianza kabla ya karne ya 20. Kwanza aliingia Madagascar, kisha visiwa vya Mauritius na Réunion. Mwaka 1847 mkusanyaji wa magamba, W. H. Benson, aliwachukua konokono kutoka Mauritius hadi Calcutta nchini India, na huko wakaachwa huru katika bustani. Hapakuwa na nia mbaya. Ilikuwa zama ambazo waungwana wa Ulaya waliona fahari kuhamisha wanyama na mimea kama wahamishavyo samani. Kufikia mwaka 1900 alikuwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na katika miongo iliyofuata alienea Malaya, Singapore na visiwa vya Indonesia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi wa Japani walimpeleka katika visiwa kadhaa vya Bahari ya Pasifiki kama akiba ya chakula. Vita vikaisha, askari wakaondoka, konokono wakabaki.

Kisa cha Florida kinaonyesha wazi jinsi jambo dogo linavyokua. Mwaka 1966 mvulana mmoja alirudi kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu mfukoni. Bibi yake aliwaachia bustanini Miami. Serikali ya jimbo ilipokuja kukamilisha kazi ya kuwasaka mwaka 1975, zaidi ya konokono 18,000 walikuwa wamekusanywa, na gharama ilikuwa imefikia dola za Marekani milioni 1. Huo ulikuwa ushindi, na hadi leo hutajwa kama mfano adimu wa spishi hii kufutwa kabisa mahali ilipokwisha kuota mizizi.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 2011 konokono walionekana tena katika wilaya ya Miami-Dade, na safari hii kazi ilichukua miaka 10. Zaidi ya konokono 168,000 waliokotwa kabla ya jimbo kutangaza, Oktoba 2021, kwamba wamekwisha. Miezi minane tu baadaye, Juni 2022, walipatikana katika wilaya ya Pasco, upande mwingine wa jimbo. Wengi kati ya hao wa Pasco walikuwa na nyama nyeupe badala ya ile ya kijivu au kahawia iliyozoeleka, na wataalamu wakahisi kwamba walitoka kwa wafugaji, kwa kuwa weupe hao hupendwa na watu wanaowaweka majumbani kama mapambo.

Brazil ilimpokea kwa mlango wa biashara. Katika miaka ya 1980 aliletwa katika jimbo la Paraná, wafugaji wakiahidiwa utajiri kwa kuwa nyama yake ingechukua nafasi ya konokono wa Kifaransa mezani. Walaji hawakujitokeza, na wafugaji waliokata tamaa wakamwaga mifugo yao vichakani. Serikali ilipiga marufuku ufugaji huo mwaka 2005, wakati ambapo konokono alikuwa tayari ameenea katika sehemu kubwa ya nchi. Bado vijarida vya ujasiriamali huandika juu ya ufugaji wa konokono kana kwamba ni shughuli isiyo na hatari yoyote, na ni vyema msomaji anayevutiwa nayo akaulizia kwanza ni konokono wa aina gani anayeuziwa.

Sehemu ya kusikitisha zaidi ya historia hii, hata hivyo, si uharibifu wa konokono mwenyewe. Ni tiba iliyotolewa.

Nyumbani, Lissachatina fulica haishi kwa raha. Katika misitu na vichaka vya Kenya na Tanzania kuna konokono wadogo walao nyama wa jamii ya Gonaxis, ambao huwashambulia konokono wengine na mayai yao. Kuna mbawakawa weusi wa jamii ya Tefflus, wakimbiaji wa usiku, wanaopenyeza vichwa vyao ndani ya gamba na kula kilichomo. Mabuu ya vimulimuli nayo ni wawindaji wa konokono, jambo ambalo watu wengi wanaofurahia mwanga wa wadudu hao hawalijui. Ukijumlisha na siafu, ndege, kiangazi na magonjwa, utaona kwa nini konokono huyu hujaa msimu mmoja na kupungua msimu unaofuata. Alipovushwa bahari, alikwenda peke yake. Maadui zake hawakupanda naye meli.

Wataalamu wa miaka ya 1940 na 1950 waliliona hilo, na wakakata shauri kuwafuata maadui hao huku kwao. Wachunguzi walikuja Kenya, na mmoja wa konokono walioteuliwa aliitwa Gonaxis kibweziensis, jina linalotokana na Kibwezi, mji ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Kuanzia mwaka 1950 konokono huyo wa Kibwezi aliachiwa katika visiwa vya Pasifiki, na baadaye Hawaii. Hakuweza kuwamaliza wakubwa wale. Ndipo mwaka 1955 Hawaii ikaleta mwindaji mwingine, Euglandina rosea, kutoka kusini mashariki mwa Marekani.

Euglandina ni hodari. Hunusa njia ya ute wa konokono mwingine na kuifuata hadi ampate, na hupanda miti. Kasoro yake ni kwamba konokono mkubwa wa Afrika aliyekomaa ni windo zito kwake, na hakuna aliyemwambia kuwa ndiye aliyeletewa. Aligeukia konokono wadogo wenyeji. Hawaii ilikuwa na konokono wa mitini wasiopatikana kwingine kokote, na wengi kati yao sasa wametoweka au wamebaki wachache mno.

Mwaka 1977 mwindaji huyo aliachiwa katika kisiwa cha Moorea, karibu na Tahiti, ambako kulikuwa na jamii saba za konokono wadogo waitwao Partula. Magamba yao yalitumiwa na wenyeji kutengenezea shada za shingoni, na wanasayansi walikuwa wamewachunguza kwa miongo mingi ili kuelewa jinsi spishi mpya zinavyozaliwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, Partula wa Moorea walihesabiwa kuwa wamekwisha porini. Walichobaki nacho watafiti ni konokono wachache walionusuriwa na kuwekwa katika bustani za wanyama, ikiwamo ile ya London, ndani ya visanduku vya plastiki vyenye joto lililopimwa. Vizazi vyao vilianza kurudishwa visiwani mwaka 2015, na mwaka 2024 watafiti waliwakuta Moorea konokono wakubwa wa jamii ya Partula tohiveana ambao hawakuwa na alama ya kuachiwa, maana yake walizaliwa huko huko porini. Konokono wa Afrika, ambaye vita hivyo vyote vilipiganwa kwa ajili yake, bado yupo Pasifiki.

Kwa mkazi wa mjini, hatari iliyo karibu zaidi ni ya kiafya. Upo mnyoo uitwao Angiostrongylus cantonensis, ambao hukomaa katika mapafu ya panya. Mabuu yake hutoka na kinyesi cha panya, konokono au koa hukila kinyesi hicho, na panya mwingine humla konokono, hivyo mzunguko ukaendelea. Binadamu huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya, anapokula konokono asiyeiva au mboga mbichi ambayo kikoa kidogo kimejificha ndani yake. Ndani ya mwili wa mtu mnyoo hupotea njia na kuishia kwenye ubongo, ambako husababisha homa ya uti wa mgongo ya aina yake. Mgonjwa wa kwanza aliripotiwa Taiwan mwaka 1945. Mwaka 2010 kijana mmoja wa Sydney, Australia, alimmeza koa wa bustanini kwa mzaha wa marafiki; alipooza, na akafariki dunia mwaka 2018.

Hilo lisimfanye mtu akimbie bustani yake. Kinachotakiwa ni glavu au mfuko wa plastiki mkononi wakati wa kuokota konokono, kunawa kwa sabuni baada ya hapo, kuosha vizuri majani ya saladi jani moja moja, na kuwazuia watoto wasiwachezee na kisha kutia vidole mdomoni.

Kuwaokota kwa mkono, jioni baada ya mvua au alfajiri, ndiyo njia inayofaa zaidi kwa bustani ndogo, na hufaa zaidi ikifuatana na kuondoa mbao, matofali na marundo ya majani wanamojificha mchana. Waliookotwa waingizwe katika maji ya moto sana. Chumvi inayomwagwa ardhini huua konokono, ni kweli, lakini pia huharibu udongo ambao mchicha wenyewe unauhitaji. Sumu za chembechembe zenye metaldehaidi ni hatari kwa mbwa, ambao huvutwa na ladha yake. Jambo la kipumbavu kuliko yote ni kuwatupa wakiwa hai upande wa pili wa ukuta, au kuwasafirisha bila kujua ndani ya vyungu vya maua na magunia ya mbolea kwenda mikoa ambayo hawapo. Kabla ya kupakia miche kutoka kitalu cha pwani, inafaa kugeuza chungu na kutazama chini yake.

Utambuzi una faida nyingine ambayo Kenya imekwisha kuionja. Mwaka 2020, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, alibainika konokono wa majini ambaye asili yake ni Amerika Kusini, Pomacea canaliculata. Naye ana rekodi yake: alipelekwa Asia karibu na mwaka 1980 ili awe chakula, soko likakataa, na akaishia kuvamia mashamba ya mpunga. Mwea ilikuwa mara ya kwanza kwake kuthibitishwa nchini humo, na uthibitisho ulihitaji uchunguzi wa vinasaba maabara, kwa kuwa jamii yake ina ndugu wanaofanana mno.

Lakini mkulima asiye na maabara anaweza kumtenga na yule wa kwetu kwa kumtazama tu. Huyu wa Mwea ni wa mviringo kama tufaha, si mrefu wa kuchongoka. Mdomo wa gamba lake ni mpana na una kifuniko kigumu anachokifunga akiguswa. Anaishi majini na kukata mashina machanga ya mpunga. Na mayai yake hayafukiwi udongoni. Yamebandikwa juu ya maji, kwenye mabua ya mpunga, kwenye miti na kwenye kuta za mifereji, katika vishada vya rangi ya waridi iliyokoza inayoonekana hata ukiwa barabarani. Anayekuta vishada hivyo, awe Mwea au katika bonde jingine lolote la mpunga, anapaswa kumwarifu afisa kilimo wa eneo lake. Nchini Kenya taarifa hizo hupokewa na taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, na Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.